Barua ya wazi: Tusomeeni vipimo vya Mrima

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima, ila subira imeniishia. Jumanne iliyopita vijana wako walirudi hapa Mrima, Kwale. Mashine ya kupima mionzi ikalia nyuma ya jiko letu, mmoja akaandika daftarini, wakapanda gari. Mama akawauliza, "Wanangu, imesema nini?" Wakamwambia atajibiwa barazani. Ndilo jibu ulilotupa wewe mwenyewe mwaka jana, umesimama chini ya mwembe mbele ya wazee.

Kwamba mlima huu una mionzi si siri. Inatoka kwenye thoriamu, madini yenye mionzi yaliyomo ndani ya mawe yake, tangu kabla ya mababu kuweka kaya. Hilo sikulaumu. Ninachokulaumu ni kukalia vipimo vyetu.

Nyumba yetu tumeikandika kwa udongo wa hapa hapa. Nimesoma kwamba karibu nusu ya mionzi ya asili inayompata binadamu hutokana na radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba. Kuijua vizuri kunataka kidude kiachwe chumbani miezi kama mitatu. Chumbani kwa mama hakijawekwa kitu. Mlipima uani, dakika tano, basi.

Na ule udongo mlioubeba kwa mifuko? Maabara huufunga kwenye chombo karibu mwezi mmoja ndipo wausome. Mwezi tungengoja. Huu ni wa kumi na nne, Mheshimiwa.

Mama anakohoa usiku. Huenda ni moshi wa kuni. Lakini kila akikohoa mimi natazama ukuta. Nimeuza mbuzi wawili kumpeleka Mombasa. Daktari akauliza huko kwenu mionzi ni kiasi gani, nikanyamaza. Majirani wanasema mnaficha kwa sababu ya niobiamu, madini ya thamani yaliyo mlimani, kwamba tukijua tutadai. Zamani nilikuwa nawakatalia. Siku hizi sina la kuwajibu.

Wastani wa dunia, kwa mionzi ya asili, ni milisiveti 2.4 (ndicho kizio cha mionzi inayompata mtu) kwa mtu kwa mwaka. Wetu ni ngapi? Hata wastani wetu ukiwa mdogo, njoo utusomee, kwa Kiswahili, na kwa Kidigo wazee waelewe. Leo siombi fidia wala nyumba mpya. Naomba namba. Ya uani, ya kisimani, na ya chumba anacholala mama.

Ulisema barazani. Mwembe bado upo, na sisi tupo.

Mkazi wa Mrima