Mpangaji miji aajiriwe kwa ajili ya mtaa, si kwa ajili ya kiwanja pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nichangie makala ya ushauri wa masomo mliyoichapisha kwa ajili ya vijana waliomaliza kidato cha sita. Mwandishi aliwashauri waliosoma PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) waifikirie shahada ya mipango miji kwa sababu viwanja havitaacha kupimwa na kuuzwa, na hivyo ajira haitakosekana. Ushauri wa kusoma fani hii nauunga mkono kwa moyo wote, kwani ndiyo iliyonilisha mimi na watoto wangu. Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa ni sababu ile ile inayotawala katika halmashauri nyingi, na imewafanya vijana wenye vipaji watumie ujana wao kuchora mistari ya viwanja ambavyo baadaye vinakosa hata njia ya mtoto kupita kwenda shule.

Kupima kiwanja ni kazi ya mpima ardhi, kukithaminisha ni kazi ya mthamini, na kutayarisha hati ni kazi ya afisa ardhi. Mpangaji miji amewekwa kwa ajili ya vile vitu ambavyo havina mwenyewe: njia ya miguu, mfereji wa maji ya mvua, eneo la wazi, mahali pa soko, kituo cha daladala, kivuko mbele ya shule na bonde ambalo halipaswi kujengwa. Mwenye kiwanja atakipigania kiwanja chake usiku na mchana, tena atakwenda hadi mahakamani, lakini mfereji ukizibwa na ukuta wa jirani hakuna anayeamka siku hiyo kuutetea, na masika yanapofika kila mmoja anashangaa maji yametoka wapi. Kijana anayeingia katika fani hii hana budi kujua kwamba anaajiriwa kuwa msemaji wa hivyo visivyo na mwenyewe, na kwamba mara nyingi atakuwa peke yake katika kikao.

Dar es Salaam ina mfano mzuri wa thamani ya kazi hiyo. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipanga Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa utaratibu wa viwanja na huduma. Haikuwajengea watu nyumba. Ilikata viwanja, ikatenga barabara, ikaleta maji, ikaacha nafasi za huduma za jamii, kisha kila mtu akajenga kwa kadiri ya mfuko wake. Wachumi waliokuja miongo kadhaa baadaye wakatumia picha za setilaiti kulinganisha maeneo ya mradi huo, katika miji saba ya Tanzania, na maeneo jirani yaliyokuwa matupu wakati ule, waliona kwamba yaliyopangwa kabla ya kujengwa yana nyumba kubwa zaidi, bora zaidi na zilizokaa kwa mpangilio. Sinza ya leo ina baa, nyumba za kulala wageni na magorofa ambayo mchoraji wa wakati ule hakuyawaza, na anayelalamikia kelele zake ana haki, lakini barabara zake bado zinapitika na gari la taka linafika. Wapangaji wale wamekwisha kustaafu na wengine wametangulia mbele ya haki, na kazi yao inaendelea kuhudumia watu wasiowajua hata kwa majina. Sijui fani nyingine nyingi zinazompa kijana nafasi ya namna hiyo.

Utafiti huo huo ulionyesha kwamba mitaa iliyoboreshwa baada ya watu kuwa wamekwisha kujenga, Manzese ikiwemo, haikupata tofauti kama hiyo. Wapo wanaotumia matokeo hayo kusema kwamba juhudi zote zielekezwe pembezoni, kwenye mashamba ambayo bado ni matupu, na mitaa ya zamani iachwe kama ilivyo. Siwezi kukubaliana nao. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38, na sehemu kubwa ya watu hao wanaishi katika makazi ambayo hayakupangwa. Hatuwezi kuwaambia wasubiri jiji lingine. Isitoshe, mfereji uliochimbwa ukakosa wa kuuzibua, na barabara iliyochongwa ikakosa wa kuilinda isivamiwe, havitaonekana katika picha ya setilaiti miaka thelathini baadaye. Kilichokosekana hapo ni mtu wa kubaki na mtaa baada ya mradi kufungwa.

Hananasif, wilayani Kinondoni, ni ushahidi kwamba mtaa uliokwisha kujengwa hurekebishika. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, wakazi wa mtaa huo uliokuwa ukifurika maji walishiriki wenyewe kuamua barabara na mifereji ipite wapi, wakachangia, na wengi wao wakafanya kazi ya kuijenga kwa ujira. Mtu asiyewahi kusimama kati ya majirani wawili, kila mmoja akimtaka mwenzake ndiye abomoe baraza ili mfereji upite, anaweza kudhani kwamba upangaji ni suala la kompyuta. Kumbe pale ndipo unapofanyika. Mchoro huja baadaye, kuandika kile ambacho watu wamekubaliana.

Ndiyo maana nilifurahi kuona kilichofanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015. Walikwenda na wakazi wa kata zinazofurika, wakatembea uchochoro kwa uchochoro, wakaweka kwenye ramani nyumba, njia na mifereji, na baadaye wakawauliza wenyeji maji hufika wapi mvua zinapozidi. Mambo hayo hayamo katika jalada lolote la ofisi. Yamo katika kumbukumbu za mama lishe na wajumbe wa nyumba kumi. Mwanafunzi aliyeyakusanya kwa miguu yake hatakaa aweke kituo cha afya bondeni.

Vyuo vyetu, kusema haki, havianzi leo. Chuo Kikuu Ardhi kilianza mwaka 1956 kama kituo cha kufundishia upimaji, baadaye kikawa Taasisi ya Ardhi, na kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwaka huo huo wa 2007 nchi ilipata Sheria ya Mipango Miji, inayotaka wadau wa eneo wasikilizwe mpango wa jumla unapoandaliwa, pamoja na sheria ya usajili wa wataalamu wa mipango miji iliyounda Bodi yao. Sheria ipo na vyuo vipo. Kinachomharibu kijana ni yale anayoyakuta ofisini.

Anakuta taarifa ya robo mwaka yenye safu inayouliza ni viwanja vingapi vimepangwa na kupimwa, na hakuna safu inayouliza kingine. Anapelekwa kwenye urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango, ambako wakazi wamechanga fedha ili wapate hati, na kila mmoja anataka kiwanja chake kitoke kikubwa kadiri inavyowezekana. Njia iliyotakiwa iwe ya mita sita inajadiliwa hadi inakuwa ya mita tatu, kisha inaishia kwenye ukuta. Kijana akishikilia njia, kazi inachelewa na anaonekana mkorofi. Akiiachia, idadi ya viwanja inapanda na anasifiwa. Baada ya miaka michache ya malezi hayo tunamlaumu kwamba hana ubunifu, na wazazi wanatuuliza kwa nini watoto wao wanacheza mpira barabarani.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba kila mhitimu wa mipango miji anayeanza kazi katika halmashauri apangiwe mtaa mmoja uliokwisha kujengwa na akae nao kwa mwaka mzima, akifanya kazi bega kwa bega na mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, walimu wakuu na wahandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Asipewe fungu kubwa. Apewe mamlaka ya kusimamisha ujenzi unaoziba njia hadi shauri lisikilizwe, na apewe usafiri wa kumfikisha huko, kwa sababu mpangaji asiye na nauli hubaki ofisini hata akiwa na nia njema. Bodi nayo ingeweza kuuhesabu mwaka huo katika uzoefu unaohitajika ili mtu asajiliwe.

Pendekezo la pili halihitaji fedha yoyote. Katika ile taarifa ya robo mwaka ziongezwe safu tatu: mita za njia zilizookolewa, maeneo ya wazi yaliyopo yakilinganishwa na yaliyokuwepo robo iliyopita, na mifereji iliyozibuliwa; na taarifa hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kila serikali ya mtaa, mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kuisoma na kusema kama ni ya kweli. Naliomba gazeti lako liwaulize wakurugenzi wa halmashauri za Dar es Salaam, mmoja baada ya mwingine, kama wako tayari kuanza na robo ijayo, na liyachapishe majibu yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa mipango miji,
Temeke, Dar es Salaam