Mfumo wa chuo usizinduliwe siku ya usajili

Mhariri,

Chuo cha ufundi kinachozindua mfumo mzima wa kompyuta wa usajili siku wanafunzi wanaripoti kinajitafutia foleni. Vyuo vyetu vya Tabora viugawe vipande: kwanza fomu ya maombi, kisha namba ya malipo, mwisho matokeo. Kila kipande kipewe wiki mbili, halafu mhasibu, msajili na wanafunzi watano wajaribu kipande hicho kwa simu za bei nafuu, si kwa kompyuta ya ofisini. Kazi za mfumo zinazoendelea kwa wakati mmoja zisizidi tatu. Zikizidi, hakuna inayokamilika. Nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya taarifa za mfumo, irejeshwe kwa majaribio kila mwezi, kwani ubovu wake hugundulika seva (kompyuta kuu inayohifadhi mfumo) ikishakufa. Na tafadhali, mkuu wa chuo ateue mtu mmoja wa kuamua kipi kitangulie. Kamati ya watu kumi itaahirisha tu.

Mdau wa elimu ya ufundi,
Tabora Mjini