Jirani naye aulizwe kabla ya hukumu

Mhariri,

Mwaka 1983, magharibi mwa jiji la Baltimore, Marekani, mzee wa miaka 78 na mkewe wa miaka 75 waliuawa ndani ya nyumba yao. Wanaume wawili waliingia kutafuta pesa za kununulia heroini. Mmoja wao, John Booth, alikuwa jirani. Wazee wale walimfahamu, na kumfahamu huko ndiko kulikowaponza, maana wangeachwa hai wangemtaja. Walifungwa kamba, wakazibwa midomo, wakachomwa kisu vifuani mara kadhaa. Siku mbili baadaye mtoto wao wa kiume aliingia nyumbani akakuta maiti za wazazi wake.

Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Booth dhidi ya Maryland. Nimeisoma na kuirudia kwa sababu ndani yake limo swali ambalo sisi hapa Kenya hatujalijibu sawasawa: mzee akishauawa, ni nani anayeieleza mahakama kwamba alikuwa mtu wa namna gani?

Sheria ya Maryland, jimbo ambalo ndani yake umo mji wa Baltimore, ilitaka iandikwe taarifa ya madhara yaliyowapata jamaa wa marehemu. Akahojiwa mtoto wa kiume, binti, mkwe na mjukuu, na maneno yao yakasomwa mbele ya jopo la raia ambalo huko ndilo lililokuwa likiamua adhabu. Jopo likaelezwa kwamba wazee wale walikuwa wameishi katika ndoa miaka 53. Mtoto wa kiume alisema wazazi wake walichinjwa kama wanyama. Binti alisema hawezi tena kutazama filamu zenye ukatili. Tena kulikuwa na harusi katika ukoo, siku chache tu baada ya maiti kupatikana. Ilifanyika, lakini kwa huzuni tupu, na bibi harusi, badala ya kwenda fungate, akaenda mazikoni. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda.

Jopo lilitoa adhabu ya kifo kwa kumuua mume, na kifungo cha maisha kwa kumuua mke. Rufaa ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 1987, majaji watano kwa wanne, hukumu ya kifo ikafutwa kwa sababu ya taarifa ile. Jaji Lewis Powell aliandika kwamba maumivu ya jamaa, ambao huenda muuaji hakuwa na habari nao, hayapaswi kuamua kama atakufa au ataishi. Akaongeza jambo ambalo halijanitoka akilini: kuna waliouawa wasioacha familia, na kuna familia zisizo na ufasaha wa kueleza msiba wao. Je, damu ya hao ni nyepesi zaidi?

Majaji wanne walipinga. Jaji Byron White alitoa mfano wa dereva anayepita taa nyekundu ovyo. Akimgonga mtu akafa, adhabu yake ni kubwa kuliko ya yule aliyepita vivyo hivyo barabara ikiwa tupu, ingawa uzembe wao ni mmoja. Basi madhara yana uzito mbele ya sheria. Mwaka 1991, katika kesi ya Payne dhidi ya Tennessee, mahakama hiyohiyo iligeuka, majaji sita kwa watatu, ikaruhusu familia zisikike. Booth mwenyewe hakutekelezewa adhabu ya kifo. Maryland iliifuta adhabu hiyo mwaka 2013, naye akafia gerezani mwaka uliofuata.

Mimi niko upande wa uamuzi wa 1991. Mshtakiwa anapewa nafasi ya kusema yeye ni baba wa watoto wangapi na ana ugonjwa gani. Aliye kaburini asemewe pia. Lakini onyo la Jaji Powell tusilitupe, kwa kuwa linatugusa sisi kuliko linavyowagusa Wamarekani.

Hapa kwetu, hadi Desemba 2017, sheria ilitaka aliyepatikana na hatia ya mauaji ahukumiwe kifo tu, bila jaji kuwa na hiari. Ndipo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikasema ulazima huo unakiuka Katiba. Nilifurahi wakati ule na sijajuta. Hata hivyo, soma mambo ambayo mahakama wakati ule iliwatajia majaji kuyapima kabla ya kuamua adhabu: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia yake, majuto yake, kama anaweza kurekebika. Yote hayo ni habari za mkosaji. Aliyezungumziwa ni aliyeua. Mwaka 2021 mahakama hiyo iliongeza athari kwa familia ya marehemu, lakini ni familia tu.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 329C, inaruhusu taarifa ya waathiriwa, na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 ikaitilia nguvu. Pengo liko hapa: mwathiriwa akiwa amekufa, mlango huo umefunguliwa kwa jamaa zake wa karibu. Jirani hayumo. Na ajabu ni kwamba afisa wa probesheni huenda kijijini akamuuliza jirani huyohuyo kama jamii iko tayari kumpokea muuaji akirudi. Anaulizwa juu ya muuaji, lakini haulizwi juu ya marehemu.

Tuliozaliwa Kilifi tunajua maana ya pengo hilo. Wazee wetu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi chini ya uchawi huo kuna shamba. Wanaoshukiwa, mara nyingi, ni watoto wa nyumba ileile au wapwa. Wengine wameponea chupuchupu wakakimbilia Kaya Godoma, makimbilio ya wazee kule Ganze, wakalala huko mbali na minazi waliyoipanda kwa mikono yao. Sasa mzee wa namna hiyo akiuawa, ni jamaa gani atasimama mahakamani amlilie? Yule aliyetaka shamba? Baltimore jirani aliua na familia ikasema. Kwetu, pengine familia ndiyo imeua, na jirani aliyesikia mayowe usiku ndiye ananyamazishwa na sheria.

Zamani kesi za mauaji hapa Kenya zilikuwa na wazee wa baraza waliokaa kando ya jaji. Waliondolewa mwaka 2007. Sisemi warudishwe, walikuwa na kasoro zao, lakini tangu waondoke hakuna tena kiti cha mtu wa mtaani katika chumba kile.

Wanangu wako Nairobi na Doha. Hupiga simu Ijumaa, nami hushukuru. Lakini anayejua kwamba sasa situmii sukari, kwamba magoti yananisumbua wakati wa kusi, kwamba wajukuu wa watu hujaa uani kwangu kusomeshwa bure, ni mama wa nyumba ya pili, ambaye hupiga hodi kila asubuhi kabla hajawasha jiko lake.

Katiba, kifungu cha 57, inawataka wazee waishi kwa heshima na bila kudhulumiwa. Nawaomba wabunge wetu warekebishe kifungu cha 329C, ili mwathiriwa akiwa ameuawa, hasa akiwa mzee aliyeishi peke yake au pale mshtakiwa anapokuwa wa familia yake, mahakama iweze kupokea taarifa ya mtu aliyeishi karibu naye, kwa kiapo, na upande wa utetezi upewe nafasi ya kumhoji. Na kabla sheria haijabadilika, afisa wa probesheni anapofika kijijini na daftari lake, aongeze swali moja tu: marehemu alikuwa nani kwenu?

Mwalimu mstaafu,
Malindi