Majibu ya mwaka 2000 yamechakaa: barua ya wazi kwa Msimamizi wa EPA

Kwa Mheshimiwa Msimamizi,
Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani (EPA),
Washington.

YAH: UPIMAJI WA MADHARA YA KIAFYA YA DIZELI MBADALA

Mheshimiwa, salamu.

Nakuandikia nikiwa fundi wa injini za dizeli, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Wako madereva wa malori na mafundi katika nchi unayoisimamia hewa yake wanaoongea lugha hii wakiwa kazini, na moshi ninaoutaja hapa huwafikia wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Ofisi yako haikosi wafasiri.

Hoja yangu ni kwamba dizeli mbadala hupimwa madhara yake kwa afya mara moja, kisha majibu yake yanaachwa yaendelee kutumika hata pale injini, malighafi na elimu ya saratani vyote vimebadilika. Sheria unayoisimamia haikuruhusu kukaa hivyo.

Kanuni yenyewe siidharau. Utaratibu ulioutoa mwaka 1994 chini ya Sheria ya Hewa Safi una ngazi tatu. Ya kwanza ni kukusanya tafiti zilizopo na kuchambua kilichomo ndani ya moshi. Ya pili ndiyo nzito: panya wa maabara huvutishwa moshi uliozimuliwa kwa hewa, saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa muda wa siku 90, kisha huchunguzwa mapafu, mishipa ya fahamu, uzazi na chembe za urithi. Ya tatu imeachwa mikononi mwako: ukiona shaka, unaweza kudai vipimo zaidi. Dizeli yenye oksijeni kuanzia asilimia 1 ya uzito wake haihesabiwi tena kuwa dizeli ya kawaida. Biodizeli safi, yaani dizeli mbadala inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, ina takriban asilimia 11, kwa hiyo haina pa kujificha.

Wazalishaji wa biodizeli, kupitia bodi yao ya kitaifa, walikamilisha ngazi mbili za mwanzo mwaka 2000. Wapewe haki yao, maana kazi hiyo ni ya gharama kubwa na waliifanya. Panya walivutishwa moshi wa biodizeli ya soya, na hata waliopewa kiwango cha juu kabisa walionyesha mabadiliko madogo tu, hasa kuongezeka kwa seli zinazosafisha mapafu. Habari njema, sina ubishi nayo. Lakini moshi ule ulitoka kwenye injini ya miaka ya 1990.

Tangu hapo, salfa kwenye dizeli ya barabarani imeshushwa hadi sehemu 15 kwa milioni, kuanzia mwaka 2006. Malori ya toleo la 2007 yakaja na chujio la masizi. Ya 2010 yakaja na mfumo wa urea, unaopunguza oksidi za naitrojeni kwenye moshi. Soya nayo haiko peke yake tena: biodizeli inatengenezwa kwa mafuta yaliyokwishakaangiwa, kwa mafuta ya wanyama, na kwa mafuta ya mahindi yanayobaki kwenye viwanda vya ethanoli. Kilichopimwa na kinachochomwa leo vinafanana jina.

Niruhusu nikae kidogo kwenye chujio, maana hapo ndipo mikono yangu inaposhinda. Masizi yakijaa, kompyuta ya injini hunyunyiza dizeli kwa kuchelewa, pistoni ikiwa inashuka, ili joto liende kwenye ekzosi na masizi yaungue. Dizeli ya kawaida hugeuka mvuke na kwenda zake. Biodizeli huhitaji joto kubwa zaidi ili ichemke, kwa hiyo sehemu yake hugonga ukuta wa silinda, ikapita kwenye ringi na kuteremka hadi kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukakuta oili imepanda na hakuna aliyeongeza, unajua kilichotokea. Sasa mimi nauliza swali la afya, la uchakavu wa injini nawaachia wenye magari: katika dakika hizo za kuunguza masizi, ni nini hasa kinachotoka nyuma ya lori linalotumia dizeli iliyochanganywa na biodizeli kwa asilimia 20? Panya wa wakati ule hawakuvuta moshi wa namna hiyo. Chujio halikuwepo.

Kuna pia madini. Biodizeli hutengenezwa kwa kutumia kichocheo cha sodiamu au potasiamu, na mabaki yake hubaki ndani ya mafuta. Kiwango cha ubora wa biodizeli cha Marekani, ASTM D6751, kimeruhusu jumla ya sehemu 5 kwa milioni. Ni kiasi kidogo, ila lori la masafa marefu linachoma maelfu ya lita, na majivu ya madini hayaungui kama masizi. Hurundikana kwenye chujio, na hayo madini yakifika kwenye vichocheo vya kusafishia moshi hupunguza nguvu yake. Lori jipya na lori lililokimbia miaka kadhaa kwa mafuta hayo hayo yasihesabiwe kuwa kitu kimoja maabara.

Najua nitajibiwa kwamba chujio linanasa karibu kila kitu, basi aina ya mafuta isitusumbue. Ofisi yako yenyewe ilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimechezewa mifumo yake ya kusafisha moshi katika muda wa takriban miaka kumi. Hizo ni pikapu tu. Atakayesimama nyuma ya gari la namna hiyo atavuta mafuta kama yalivyo, na kwake aina ya mafuta ndiyo habari yote.

Jibu la pili ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba biodizeli ni bora kuliko dizeli. Uchambuzi wenu wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa mchanganyiko wa asilimia 20 wa soya hupunguza chembechembe kwa asilimia 10 hivi na kaboni monoksidi kwa asilimia 11, huku oksidi za naitrojeni zikipanda kwa asilimia 2. Sawa. Lakini mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Tangu mwaka 1988 ulikuwa kwenye kundi la kushukiwa tu. Kumshinda kidogo mtuhumiwa aliyekwishapatikana na hatia si cheti cha usalama, na upimaji mpya unapaswa kutueleza madhara yenyewe, si nafasi ya biodizeli kwenye mashindano na dizeli.

Tena tusichanganye mambo. Dizeli inayopatikana kwa kusafisha mafuta ya mimea au ya wanyama kwa haidrojeni haina oksijeni na inakaribia sana dizeli ya kawaida kwa kemia yake. Biodizeli ni kitu kingine kabisa. Kuziweka zote kapu moja kwa kuwa zote zimetoka kwenye mafuta ya kupikia ni uvivu, na ninaona uvivu huo kwenye mijadala mingi.

Halafu kuna maji. Utaratibu wa 1994 ulijengwa juu ya kile kinachovutwa puani. Mheshimiwa, ofisi yako inaikumbuka MTBE, kiongezeo cha petroli kilichosifiwa kwa kusafisha hewa. Matangi ya chini ya ardhi yalivuja, na mwaka 1996 mji wa Santa Monica ukalazimika kufunga visima vya maji ya kunywa. California ilijifunza: ikatunga sheria mwaka 1999 inayotaka mafuta mapya yachunguzwe athari zake kwenye hewa, maji na udongo kwa pamoja, na kanuni yake ya dizeli mbadala iliyoanza kutumika mwaka 2016 inapitisha mafuta mapya hatua kwa hatua, kuanzia majaribio madogo, kabla ya soko kufunguliwa. Kwa nini jimbo moja liwe na macho matatu na taifa zima liwe na moja?

Wala huhitaji sheria mpya. Sheria ya Sera ya Nishati ya mwaka 2005, kifungu cha 1505, iliondoa hiari uliyokuwa nayo. Kabla yake ungeweza kudai vipimo vya afya ukitaka. Baada yake, Bunge lilikuagiza uvidai mara kwa mara, na likataja wazi athari kwa afya ya umma na kwa mazingira.

Lipo pia suala la wadogo. Kampuni yenye mauzo chini ya dola milioni 50 kwa mwaka inasamehewa ngazi mbili za mwanzo kwa dizeli isiyo na elementi ngeni, yaani zilizo nje ya kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni na salfa. Sitaki wadogo wafilisiwe na gharama za maabara, na wengi wao ndio wanaojaribu malighafi mpya. Lakini pafu halijui hesabu za kampuni. Kanuni tayari inaruhusu wazalishaji kuungana na kupima kwa pamoja. Wadogo waingizwe kwenye kundi hilo kwa mchango unaolingana na mauzo yao, kisha msamaha wa kutopima kabisa ufutwe.

Ninachoomba kwa sasa ni ratiba. Tangaza, kwa tarehe, ni lini biodizeli ya malighafi zinazotumika leo itarudiwa kupimwa ngazi ya pili, kwa injini zenye chujio na urea, moshi wa wakati wa kuunguza masizi ukiwemo, na mchanganyiko wa asilimia 20 ukipimwa pamoja na ule wa asilimia 100. Tangaza pia ni nani atakayelipa. Na kama umeshaamua kwamba majibu ya mwaka 2000 yanatosha, weka uamuzi huo kwa maandishi, pamoja na sababu zake za kisayansi, ili wataalamu wa afya waupitie.

Wako,
Fundi wa injini za dizeli