Cecilia si "wa mbinguni"

Mhariri,

Wanaofasiri jina Cecilia kuwa "wa mbinguni" wanachanganya maneno mawili ya Kilatini: caelum, mbingu, na caecus, kipofu. Jina limetoka kwa hilo la pili, kupitia ukoo wa Caecilius. Roma ya kale, binti alipewa jina la ukoo wa baba yake, mwisho -us ukigeuka -a. Ndiyo maana dada wawili waliweza kuitwa Caecilia wote. Kaburi la Caecilia Metella, la karne ya 1 KK, bado limesimama kando ya Via Appia, barabara ya kale ya Roma.

Warumi walitamka "Kaikilia". Sesilia ni matamshi ya baadaye, nayo ni sahihi kabisa.

Lililolieneza jina hili ni heshima ya Mtakatifu Cecilia, msimamizi wa muziki, anayekumbukwa 22 Novemba.

Msomaji wenu