Mgonjwa akitaka kuongelea kifo, mwacheni aongee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi sio mwandishi, nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu tumzike mama na naona bora niliseme. Watu wanaandika sana kuhusu gharama za misiba yetu sisi Wachaga, mara mahema, mara mabasi ya kukodi, sare za vitenge, mpiga video, sawa, yote ni kweli, lakini mi nataka kuongelea ile miezi kabla ya msiba, kipindi ambacho hakuna kamati wala mahema, ni wewe na mgonjwa mnaangaliana usiku.

Mama alikuwa na kansa ya koo. Siku ya majibu daktari alituita sisi watoto pembeni kwenye korido, mama tukamwacha kwenye benchi kashika kadi yake na chupa ya maji, huko pembeni tukaambiwa kila kitu na tukakubaliana hapo hapo asiambiwe. Tukarudi tunachekacheka, tukamwambia ni vidonda tu, vitapona. Mtu ana miaka 71, kazika mume, kazika wadogo zake wawili, eti haambiwi. Na alikuwa anajua jamani. Alituangalia mmoja mmoja usoni alafu akasema haya, twendeni nyumbani.

Tukampandisha Old Moshi kihambani, yaani kwenye shamba letu la ukoo, mi nikafunga biashara nikaenda kumuuguza. Siku moja namnywesha mtori, nimeuchuja mara mbili kwa kichujio cha chai maana hata chembe ya nyama ilikuwa haipiti, akameza vijiko viwili akasukuma bakuli, akaniuliza, hivi mtu akifa anajua kama amekufa? Nikamjibu haraka haraka, mama usijichurie, utapona kwa jina la Yesu, lala. Akageukia ukutani. Siku tisa nzima hakuniuliza kitu chochote zaidi ya saa ngapi.

Zile siku tisa sijazisamehe mpaka leo. Mtu anakaribia safari ambayo hajawahi kwenda, anataka kuulizia njia, na mtoto wake wa kumzaa anamziba mdomo.

Mwezi wa kumi na moja 2023 vuli imechanganya, usiku umeme ukakatika, simu haina chaji, redio imezima, tupo sisi wawili na kibatari. Nikajikaza nikamwambia mama, ile siku uliniuliza kitu nikakunyamazisha, naomba unisamehe, uliza tena. Akakaa kimya muda. Alichouliza sasa hakikuwa kile cha kwanza.

Sisi tulijua tumezaliwa sita. Kumbe tulikuwa saba, kulikuwa na kaka yetu aliyezaliwa 1974 akafa na miezi minne, homa ya siku mbili tu. Baba alimzika mwenyewe nyuma ya nyumba karibu na mfereji, wakapanda masale, ule mmea sisi Wachaga tunaouheshimu, na hawakulizungumza tena, ndivyo ilivyokuwa enzi zile, mtoto mchanga halikuwa jambo la kukalia matanga. Mama akaniambia jina lake. Alafu akauliza, nikimkuta huko atakuwa bado mchanga au atakuwa baba mtu mzima wa miaka 49? Kama ni mtu mzima nitamjuaje, na kama bado mchanga, miaka yote hii ananyonyeshwa na nani?

Nilikosa jibu. Lakini nilikuwa nimemshika mkono na aliongea mpaka jogoo wanawika, mtu ambaye alikuwa hamalizi sentensi mbili bila kukohoa.

Asubuhi nikamfuata mwinjilisti wa mtaa wetu. Huyu Mungu ambariki, hakuja kuhubiri, alivuta kigoda akasema mama, hilo la umri mi silijui na sitakudanganya. Akamsomea kwenye Samweli wa Pili pale Daudi alipofiwa na kitoto chake, watumishi wanaogopa hata kumwambia, yeye akainuka akaoga akaomba chakula, akasema mtoto hawezi kumrudia ila yeye ndio atamfuata mtoto. Mama akasema kumbe hata mfalme walimficha. Hilo ndilo alilolishika, kwamba walikuwa wanamnong'onea pembeni kama sisi tulivyofanya kwenye korido, nikainama chini kwa aibu.

Jumamosi yake akapanda jirani yangu wa sokoni, tunauza meza moja, ye ni Muislamu. Alivyosikia habari ya mtoto akasema bibi usiwe na wasiwasi, sisi tunafundishwa kwenye hadithi za Mtume kwamba watoto waliokufa wadogo wanampokea mzazi huko, wanashika nguo yake na hawaiachii mpaka waingie wote peponi. Mama alifurahi sijui niseme nini, alirudia lile neno siku nzima, anashika nguo, anashika nguo, na jioni akaniomba nimvalishe kitenge kipya. Najua kuna watu watasema kwanini Mlutheri anafarijiwa na maneno ya msikitini. Mi niliyekuwepo pale nawaambia yule mama alilala usingizi.

Mwanangu anayesoma chuo naye alileta ya kwake. Alisoma kwenye simu kwamba mwaka 2001 madaktari wa Uholanzi waliandika kwenye jarida la The Lancet kuhusu wagonjwa 344 waliosimama moyo wakarudishwa, na 62 kati yao walisimulia walichokiona, mwanga, ndugu waliotangulia, amani. Mama akauliza na wale wengine? Mtoto akasema hawakukumbuka kitu. Mama akatikisa kichwa, akasema hao wote walirudi, mi naulizia wasiorudi. Na kwa kweli sijasikia mtaalamu akilijibu hilo vizuri, hata wanaosema ni ubongo tu unaokosa hewa, wanaeleza kwanini mtu anaona mwanga, hawaelezi mwenye kuona ameenda wapi.

Kuna jambo lingine lilikuwa linamsumbua. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, sasa bibi wa bibi yake aliyekufa kabla hajasikia jina la Yesu, yuko wapi? Wale wazee wa kale walikuwa wanafukuliwa baada ya muda, fuvu linawekwa migombani penye masale, wanamwagiwa mbege, pombe yetu ya ndizi, wanaambiwa habari za nyumbani. Mama hakuwa mtu wa matambiko, alikuwa mzee wa kanisa, ila alisema hawezi kuamini Mungu aliwatupa. Akanikumbusha Mangi Meli, mtawala wetu wa zamani, Wajerumani walimnyonga hapo hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Miaka mingi ukoo wake unakitafuta. Mwaka ule ule 2023 tulisikia Berlin wamepima vinasaba, fuvu moja likakutwa ni la mshauri wake na ndugu zake wa damu wapo huku, cha Meli mwenyewe hakikupatikana. Mama akasema kama mtu akifa ameisha kama kuni iliyoungua, mbona tunamtafuta? Sio ushahidi, najua. Lakini alikuwa ananiuliza kwa nguvu, macho yamemng'aa, sio yule mtu wa kugeukia ukutani.

Sasa nisikilizeni hapa. Wakati tunaongea hayo, kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaanza kukusanya hela ya saruji na marumaru kwenye grupu la WhatsApp la familia, wiki tatu kabla, mgonjwa yu hai. Walishapanga kaburi liwe mbele ya nyumba, uwanjani, gari zipate nafasi na video itoke vizuri. Hakuna aliyemuuliza. Mama alitaka nyuma, karibu na mfereji, pembeni ya kale katoto. Na mahali penyewe hakuna anayepajua zaidi yake, hakuna msalaba, hakuna jiwe, ni masale tu kati ya masale. Tulimbeba kwenye kiti mimi na mwanangu, mvua imekatika, utelezi, akatuonyesha kwa kidole, hapa, na huu mgomba msiukate.

Kaka aligoma kwenye kikao. Nilisimama nikasema nilichoambiwa, nikataja jina la mtoto, shangazi mmoja mzee akaanza kulia maana ye alikuwa analijua. Mama alifariki mwezi wa kwanza 2024 tukamzika pale alipotaka, waombolezaji wamebanana migombani, wengine wamesimama ng'ambo ya mfereji. Mgomba haujakatwa.

Mkiniuliza mimi kama kuna kitu huko baadaye, siku nyingine naamini kabisa, siku nyingine nikiamka saa tisa usiku nasikia baridi tumboni. Ninachojua ni kwamba tungemzika mama mahali pasipo pake kwa sababu ya kuogopa neno moja. Madaktari, mwambieni mgonjwa mwenyewe, kwa lugha ya upole, na watoto wake wakiwepo. Na sisi ndugu hili neno usijichurie tuliache, hatulisemi kwa ajili ya mgonjwa, tunalisema kwa ajili ya woga wetu.

Yule shangazi niliyemtaja sasa hivi anaumwa, nimempangia chumba kwangu mjini. Juzi usiku ameanza kuuliza kama mama alisikia maumivu mwishoni. Nimezima redio, nimesogeza kiti.

Muuza ndizi,
Mbuyuni, Moshi