Sheria ya fidia iwaachie mlango wenye majeraha yanayorudi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuongee na wabunge wa mkoa wetu wa Kigoma, na Tume ya Kurekebisha Sheria, na zaidi ya hao wote, na mtu ambaye wiki hii atawekewa mbele karatasi ya bima aisaini. Tunachokiomba ni haki ya kurudi: aliyekwisha kulipwa fidia ya ajali aweze kurudi mahakamani jeraha lile likimzalia ugonjwa mpya baadaye.

Karatasi yenyewe kwa kawaida ni ukurasa mmoja. Watu wa bima huiita dischaji. Mara nyingi imeandikwa Kiingereza, na sentensi yake kuu ikigeuzwa Kiswahili inasema hivi: nimepokea kiasi hiki kuwa malipo kamili na ya mwisho ya madai yangu yote yatokanayo na ajali hiyo, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na ya baadaye. Abiria wa bodaboda aliyegongwa na Probox kwenye barabara ya Kasulu anatia dole gumba, pesa inaingia, faili linafungwa. Wengi huangalia tarakimu tu. Lakini penye uzito ni kwenye maneno "yasiyojulikana" na "ya baadaye", maana hapo ndipo mtu anapouza kifafa ambacho bado hajakipata.

Asiyesaini akaenda mahakamani naye hana nafuu kubwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya Pili kanuni ya 2, inamtaka alete dai lake lote kwa mkupuo mmoja. Alichokiacha hawezi kukifungulia kesi ya pili. Hakimu naye anakadiria siku hiyo hiyo maisha yote ya majeruhi yaliyobaki, kisha shauri linakwisha. Akirudi baada ya miaka mitano anakutana na ukuta wa shauri lililokwisha kuamuliwa.

Kanuni hii haikutungwa Dodoma wala Dar es Salaam. Mwaka 1701 huko Uingereza, katika kesi ya Fitter dhidi ya Veal, mtu aliyepigwa na kulipwa pauni 11 alirudi mahakamani baada ya kipande cha mfupa wa fuvu lake kutoka kwa sababu ya kipigo kile kile. Alikataliwa; alikwisha kulipwa. Kanuni hiyo ya kulipa mara moja ilikuja Tanganyika pamoja na sheria nyingine za Kiingereza zilizopokelewa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mpaka leo inatufikia kupitia Sura ya 358, ile inayotaja sheria ambazo mahakama zetu zitazitumia. Waingereza wenyewe waliilegeza mwaka 1982. Lakini sheria yao hiyo, kwa kuwa ni ya baada ya 1920, sisi haituhusu. Tumebaki na ugonjwa, dawa wamebaki nayo wao.

Juu ya hilo kuna saa ya ukomo. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya uzembe kama ajali ya barabarani yana miaka 3. Waziri wa sheria, akishauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya huo, kwa hiyo hata ukibahatika unaishia miaka minne na nusu. Mtoto ana nafuu, kwani saa yake haianzi kuhesabu mpaka atimize miaka 18. Aliyeajiriwa naye ana nafuu ya aina nyingine: ulemavu wake wa kudumu ukizidi asilimia 30, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa pensheni ya kila mwezi, na fidia ikawa inatembea naye. Dereva wa bodaboda anayejitegemea, mvuvi wa Kibirizi na mkulima wa michikichi hawamo humo. Hao wanabaki na bima ya gari lililowagonga, na mahakama.

Sasa majeraha yenyewe. Si kila jeraha linalouma baadaye ndilo tunalolisema. Tunasema yale ambayo mtu anaonekana amepona, halafu kitu kipya kinazuka.

Kichwa ndicho kinachoongoza. Utafiti uliofanyika Minnesota, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998, ulifuatilia watu zaidi ya 4,500 waliowahi kuumia kichwani. Kwa wale walioumia vibaya, yaani ubongo kuchubuka, damu kuvia ndani ya fuvu, au kupoteza fahamu zaidi ya saa 24, watu 10 hivi kati ya 100 walipata degedege zisizo na sababu nyingine ndani ya miaka 5. Ilipofika miaka 30 walikuwa kama 17. Wapige hesabu wabunge wetu: hao 7 wa ziada wote walianza kuanguka baada ya mwaka wa tano, wakati miaka 3 ya sheria imekwisha kupita na ya Waziri pia. Walioumia kidogo, hatari yao ilikuwa chini ya mmoja kati ya 100 kwa miaka 5, kwa hiyo hatudai kila aliyepata nundu apewe haki ya kurudi.

Na kifafa si dawa peke yake. Vidonge vya kila siku ni gharama, lakini gharama kubwa ni kazi. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku, amesimama kwenye kipe, katikati ya maji, akivuta wavu. Degedege moja pale inatosha kumuua, na mwenye chombo akijua hampakii tena. Dereva wa bodaboda haruhusiwi kushika usukani. Mama lishe anayepikia mafiga anaungua. Fidia iliyokadiriwa kwa jeraha la kichwa "lililopona" haina hata shilingi ya hayo.

Baada ya kichwa ni nyonga. Gari dogo likigongana uso kwa uso, goti la aliyekaa mbele linapiga dashibodi na mfupa wa paja unachomoka kinyumenyume kutoka nyonga. Mfupa ukirudishwa upesi, hasa ndani ya saa 6, hatari inapungua. Ukichelewa, kama inavyotokea kwa anayesafirishwa kutoka vijijini Uvinza au Kakonko, mishipa inayolisha kichwa cha paja inaweza kuwa imekwisha kukatika au kubanwa. Mgonjwa anatembea vizuri miezi kadhaa, kisha kichwa cha mfupa kinakufa na kubonyea, aghalabu ndani ya miaka 2. Hapo tiba ni nyonga ya bandia, na hiyo si ya hospitali ya wilaya.

Kuna mtoto aliyevunjika karibu na ncha ya mfupa, pale mfupa unapokulia. Akiwa na miaka 6 miguu yote ni sawa. Akifika 14 mmoja mfupi. Kuna mfupa uliotoboa ngozi ukaingiwa na wadudu, ukafunga kidonda, na baada ya miaka ukafungua tundu la usaha upya. Na kuna jicho lililochomwa likapona vibaya, kisha lile zima likaanza kushambuliwa. Ni nadra, lakini aliyepatwa anaweza kubaki gizani kabisa.

Makampuni ya bima yatasema haki ya kurudi itawafilisi, kwa sababu faili halifungwi. Tuchukue mfano wa watu 10 wenye hatari sawa, mmoja kati yao ndiye atakayepata kifafa, na hasara ya kifafa tuiweke shilingi milioni 40. Kwa utaratibu wa leo, mahakama makini itampa kila mmoja sehemu ya kumi, milioni 4. Bima imetoa milioni 40. Tisa wamepewa milioni 4 kwa jambo ambalo halitawafika, na yule mmoja anapungukiwa milioni 36. Kwa utaratibu tunaouomba, hao tisa hawapati kitu kwa kifafa, na mmoja anapata milioni 40 akiugua. Bima imetoa milioni 40 zile zile, na baadaye kuliko leo. Kinachobadilika ni nani anapokea. Kwa hiyo hoja ya kufilisika haisimami, isipokuwa kama wanatuambia kwamba siku hizi hawalipi kabisa ile milioni 4, na hilo ndilo tunaloliona kwenye hesabu nyingi za malipo: mstari wa madhara ya baadaye haupo.

Waingereza waliipangaje? Sheria yao ya 1982, iliyoanza kutumika mwaka 1985, inamruhusu hakimu kutoa fidia ya awali kana kwamba madhara ya baadaye hayatatokea, na kumwachia majeruhi haki ya kurudi yakitokea. Mlango umewekewa vipimo. Lazima uwepo uwezekano wa ugonjwa mkubwa au kuzorota kukubwa kwa mwili au akili. Amri ya mahakama inautaja ugonjwa huo kwa jina na inaweka muda wa kurudi, muda ambao unaweza kuombewa nyongeza. Kwa kila ugonjwa uliotajwa mtu anarudi mara moja tu. Kabla ya kurudi anampa mdaiwa taarifa ya siku 28, na bima yake kama inajulikana. Mwaka 1991 mfanyakazi aliyeumia kifundo cha mguu aliomba aachiwe mlango kwa ajili ya kusagika kwa kiungo, akakataliwa: kusagika ni mwendo wa polepole unaotarajiwa, si tukio jipya linaloonekana wazi lilipoanzia. Wapo watakaouona ukali, sisi tunaona ndivyo inavyofaa. Goti linalosagika lilipwe lote siku ya hukumu, mlango ubaki kwa kifafa na wenzake.

Afrika Kusini walipita njia nyingine. Mfuko wao wa ajali za barabarani, unaochangiwa kupitia tozo ya mafuta, unaweza kumpa majeruhi hati ya ahadi ya kulipia matibabu ya baadaye kadiri yanavyotokea. Inafaa kwa gharama za hospitali. Kwa mvuvi aliyepoteza kazi haitoshi.

Kwetu pa kuanzia papo. Sura ya 310, ile ya marekebisho ya sheria kuhusu ajali za vifo na mambo mengineyo, iongezewe kifungu cha fidia ya awali. Amri ya Pili ya Sura ya 33 itamke kwamba kurudi kwa amri hiyo si kesi mpya, na Sura ya 89 itamke kwamba muda uliowekwa na mahakama ndio utakaohesabiwa. Kampuni iliyokuwa na bima ya gari siku ya ajali ndiyo ifungwe na amri, hata kama mwenye gari alishahama bima mara tatu. Na majeruhi akifa kwa ugonjwa ule ule uliotajwa, wategemezi wake wasiambiwe marehemu alishalipwa. Waingereza nao walilazimika kuliziba tundu hilo baadaye, mwaka 1996.

Kuna jambo dogo ambalo lisipoandikwa litaharibu yote: faili. Haki ya kurudi baada ya miaka 12 ni bure kama jalada limeliwa na mchwa. Uingereza mahakama inaagizwa ni nyaraka zipi zitunzwe, hukumu, hati za madai na ripoti za madaktari, mpaka muda wa kurudi uishe. Sisi tuna mfumo wa kielektroniki wa mashauri, basi kanuni ilazimishe nyaraka hizo ziingizwe humo siku ya hukumu, na majeruhi apewe nakala zilizogongwa muhuri bila kuzilipia.

Sheria hiyo haijafika, na karatasi za dischaji zinasainiwa leo. Usisaini kabla daktari bingwa hajasema hali yako imetulia, ila usingoje mpaka miaka 3 ikuishie mkononi. Ikikaribia, fungua shauri kwanza, mazungumzo yaendelee likiwa mahakamani. Nafasi ya daktari kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ni finyu na haitoshi. Omba ripoti ya pembeni inayojibu maswali haya: jeraha lilikuwa wapi hasa, ugonjwa gani unaweza kuzuka, uwezekano wake ni wangapi kati ya 100, ndani ya miaka mingapi, na tiba yake hupatikana wapi kwa gharama gani. "Aliumia kichwa, ameruhusiwa nyumbani" haimsaidii hakimu.

Kwenye dischaji yenyewe omba sentensi moja iongezwe, kwamba malipo haya hayahusu kifafa, au kufa kwa mfupa wa nyonga, au chochote daktari alichokitaja, na kwamba kampuni italipa hayo yakithibitika kutokana na ajali hii. Hapo linakuwa suala la mkataba, na madai ya mkataba yana miaka 6 kuanzia mkataba ulipovunjwa, si tangu siku ya ajali. Baadhi yao watakataa. Wakikataa, dai kiasi cha uwezekano, kama ile milioni 4 ya mfano wetu, kiandikwe kwenye mstari wake peke yake, ili kionekane kama kimelipwa au la.

Mwisho ni picha za eksirei. Zisikunjwe, zisiwekwe chini ya godoro wala kwenye dari la bati. Joto huzigandanisha na hazibanduki tena. Ziwekwe zimelala, karatasi kavu katikati ya kila moja, na mapema kabisa ziwekwe dirishani zipigwe kwa simu, jina na tarehe ya kwenye kona vikisomeka.

Wasaidizi wa kisheria watatu,
Mwanga, Kigoma.